Liki Mbili Ndani ya Kichwa cha Treni

Kwa miaka kumi na tisa Sep Nattrass aliendesha kichwa cha treni kisichokwenda popote. Kwenda kilikwenda, lakini ni kwenda na kurudi: kinasukuma mabehewa ya makaa mpaka mwisho wa yadi ya reli, kinayavuta mpaka mwanzo, kinayapanga, kinayapangua. Mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa maili kumi na tano kwa saa, na hapo kimejitahidi. Madereva wa treni za London walipopita walimcheka. Sep hakujali hata kidogo. Saa tisa alasiri wao bado wako njiani, yeye keshapiga magoti kwenye bustani yake nyuma ya reli, mbele ya liki zake.

Mtu asiyetoka pande zile za Durham, kaskazini mwa Uingereza, atasema liki ni kitunguu cha kutia kwenye supu. Asiseme hivyo mbele ya Sep. Wanaume wa kule hawali liki zao. Huzilisha, huzikosha, huzinenepesha zikawa nene kama mguu wa meza, na ikifika Septemba hulala nazo bustanini na mbwa, kwa sababu kuna watu wana husuda na wana wembe. Kisha jozi moja moja hupelekwa klabuni kupimwa unene. Mwaka ule zawadi ya kwanza ilikuwa mashine ya kufulia nguo.

Mashine hiyo Nora, mkewe, alikuwa ameahidiwa tangu walipooana. Lakini miaka kumi na moja mfululizo Sep alishika nafasi ya pili, na ya pili ilikuwa birika. Wa kwanza alikuwa Matty Tulip, mtu wa ishara za treni kwenye kibanda cha Foxhole, kapera mmoja mkimya ambaye nyumba yake nzima, kuanzia makochi hadi saa ya ukutani, ilitoka kwenye liki.

"Sep," Nora alimwambia, mikono imezama kwenye beseni, "ukiniletea birika lingine, nitakuchemshia liki zako humo humo."

Basi Ijumaa, siku moja kabla ya maonyesho ya liki, bosi akamwita. Kichwa cha treni cha Sep kilikuwa karakana, maili thelathini kutoka pale, kuchongwa magurudumu. Aende, alale huko, kesho arudi nacho.

"Kesho maonyesho, bosi. Wanafunga mlango saa sita mchana."

"Utatoka saa moja asubuhi. Hata kwa miguu utafika."

Sep akafanya alichoona ni cha busara. Akazing'oa liki zake mbili, akazifunga kwa taulo lililoloweshwa, akaondoka nazo ndani ya ndoo. Amwachie nani? Nora? Mwaka wa sitini na sita Nora aliona liki jikoni akaikata akaipika, na Sep alikula supu ile huku machozi yanamtoka. Usiku ule, huko karakana, liki zililala kitandani na Sep akalala kwenye kiti.

Asubuhi wakaondoka, dereva, kichwa na ndoo. Kumbe reli kubwa si yadi. Kila baada ya maili tatu mtu wa ishara anamsukuma njia ya pembeni ili wenye haraka wapite. Ilipita treni ya London. Ikapita ya samaki. Ikapita ya magazeti, nayo ilikuwa imechelewa.

"Mwenda pole hajikwai, mzee," dereva mmoja alimpigia kelele kutoka dirishani.

"Wala hafiki," Sep alimjibu, akanyunyizia taulo maji.

Saa tano na dakika tano, imebaki maili tano afike, akakuta ishara nyekundu. Kibanda cha Foxhole. Kwa Matty Tulip.

Sheria ya reli ni kwamba dereva akisimamishwa akakaa, sharti apande kibandani, amkumbushe mtu wa ishara kuwa yupo, kisha atie sahihi kitabuni. Sep akapanda ngazi na ndoo yake, roho inamchemka, amejiandalia matusi ya kutosha maili nzima. Akamkuta Matty ameketi kati ya nyenzo zake za kugeuzia njia, na miguuni pake ndoo, na ndani ya ndoo taulo lililoloweshwa.

"Mbona uko hapa? Si ungekuwa klabuni?"

"Wa kunipokea zamu anaumwa," Matty alisema. "Sitoki mpaka saa nane."

Moyo wa Sep ulicheza ngoma, na mimi simlaumu. Miaka kumi na moja! Mshindani kafungwa na zamu yake mwenyewe. Akashika kalamu atie sahihi, uso kauzuia usitabasamu.

"Sep. Nichukulie na zangu."

"Na nikikataa? Utaniacha kwenye nyekundu?"

Matty akamtazama kama aliyetukanwa. "Reli ni reli. Treni ya makaa ikishapita, njia ni yako, uzichukue usizichukue. Nakuomba tu."

Hapo ndipo Matty alipomweza. Angemtishia, Sep angekataa na kulala usingizi mnono. Lakini mtu kakuomba vizuri, utafanyaje? Akachukua ndoo ya pili, akashuka huku akijilaani ngazi kwa ngazi.

Alifunua mataulo yote mawili ndani ya kichwa cha treni. Za Matty zilikuwa nene zaidi. Si sana, upana wa kucha tu, lakini jicho la Sep halikuhitaji rula.

Alifika klabuni imebaki dakika nne. Jobson, mzee wa kupokea, alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

"Jozi mbili? Sep, kila mtu jozi moja."

"Hizi nyingine za Matty. Kabanwa kazini."

Jobson akaziweka mezani, akachukua kadi mbili na kalamu. "Haya. Zako zipi?"

Ukumbini hapakuwa na mtu mwingine anayejua. Kule jukwaani mashine ilikaa, nyeupe, imefungwa utepe, na Nora amesimama kando yake, mkono juu ya kifuniko, anakipapasa. Akamwona mumewe, akamtabasamia. Sep alitazama liki, akamtazama mkewe, akatazama tena liki.

"Zako zipi, bwana? Muda!"

"Za kushoto," akasema Sep. Za kushoto ndizo zilizokuwa nyembamba.

Akapewa birika.

Yeye na Nora walikuwa wamekaa, birika katikati yao mezani, saa nane na nusu Matty alipoingia na nguo za kazi. Alisoma kadi za matokeo mara mbili, akaja, akavuta kiti.

"Alikuuliza zipi zako?"

"Aliuliza."

"Na hapakuwa na mtu wa kukuona." Matty alivua kofia, akaikunjakunja. "Tangu umeondoka nimekaa pale najiuliza, ingekuwa mimi ningefanyaje. Mimi ningebadilisha, Sep. Haki ya Mungu, ningebadilisha."

Sep hakujua pa kuweka uso. Alifurahi, alifurahi mno kupita mabirika yote kumi na mawili, na aliona aibu kufurahi.

Nora ndiye aliyenyanyua kichwa. Alimtazama mumewe, kisha akamgeukia Matty.

"Wewe kapera unafua nguo ngapi kwa wiki?"

"Mashati matatu. Soksi."

"Basi Jumatatu nakuja kwako na kapu langu la nguo, nifulie kwenye mashine yako. Na Jumatatu ijayo, na inayofuata, mpaka huyu bwana ajifunze kusema uongo."

Huu mwaka wa tisa, na kila Jumatatu bado anakwenda.