Nilichemshia maharagwe portfolio ya mjukuu wangu

Wakuu, salamu kutoka Kebirigo. Shule niliachia darasa la tatu, mtanivumilia. Lakini haya niliyaona mwenyewe.

Aliyenifundisha kusuka vikapu vya kuchumia chai ni mzee Ombati. Kikapu kikipinda hakugombana na mtu. Alikitia tu kwa moto.

Mke wake alipika vizuri sana, lakini hiyo tuache.

Sasa mjukuu wangu Kemunto. Ana digrii, akataka masters ya design ng'ambo. Huko wanaitisha portfolio, yaani picha za kazi yako.

Yeye akachagua kikapu cha chai kisichoumiza mgongo, kwa sababu ya mgongo wa nyanya yake ulioumizwa na kuchuma chai. Akasuka sita. Vitano vikakataa, cha sita kikakubali.

Deadline ilikuwa Jumamosi. Sisi ni Wasabato, kwa hivyo kwetu ilikuwa Ijumaa kabla ya jua kuzama.

Na Ijumaa ni maandalizi. Tunafagia, tunapika ya kesho. Kemunto ameenda Kisii kuazima kamera. Nikaona vile vitano vinaaibisha nyumba, nikavifanya kuni, nikavichemshia maharagwe.

Akarudi saa tisa. Mimi huniita Sokoro, yaani babu.

"Sokoro, vikapu viko wapi?"

"Kile kizuri kiko juu ya kiti."

"Vile vibaya."

"Umekula mchana?"

Akaangalia jiko, akaketi. "Wanataka kuona vile nilikosea mpaka nikapata. Kimoja kizuri hata sokoni kiko."

Nikamwambia nitamsukia vingine vibaya haraka haraka.

"Wewe? Hata ukitaka kusuka kibaya hutaweza. Na huo ni uongo, Sokoro, na Sabato inaingia."

Lakini nilikuwa nimevibeba vyote mgongoni, kumpimia. Nikamwambia cha kwanza kilikata bega hapa, cha pili kilivuta shingo, hivyo hivyo mpaka cha tano. Yeye anachora. Picha ya mwisho akapiga jivu, akaandika chini yake: vilichomwa na babu yangu. Akatuma jua likigusa migomba.

Amechukuliwa. Anasema kwa interview waliuliza habari ya jivu kuliko ya kikapu.

Funzo ni kwamba kibaya pia ni kazi, usichome kabla ya kuuliza. Mlio na watoto wa design, kwenu mnaweka wapi vilivyoharibika? Andikeni, Kemunto atanisomea.

Mimi siku hizi namfikiria Ombati. Macho yalipoanza kumshinda alisuka kimoja kikapinda, akakishika muda mrefu. Ningetaka kukiona leo kilipindia wapi. Alikitia kwa moto, akaweka kisu chini, akatoka. Hakurudi kusuka tena.