Bi Hapana na Mdundo wa Sekunde Mia Nne

Katika chumba cha data walimwita Bi Hapana, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Kwa miaka kumi na tisa alikagua rekodi za setilaiti inayopima eksirei za nyota. Bila sahihi yake, hakuna ripoti iliyotoka.

Asubuhi hiyo mkuu wa idara, mume wa mdogo wake, alimtupia karatasi mezani.

"Shemeji, tia sahihi. Na leo usinitilie kitumbua changu mchanga."

Ripoti ilihusu nyota ya nyutroni, ndogo lakini nzito mno, inayozungukana na nyota kubwa na kuinyonya gesi. Kila inapojizungusha, eksirei zake hupanda na kushuka. Mdundo huo ulijulikana zamani. Mkuu alidai amegundua wa pili, wa kila sekunde mia nne. Waandishi wa habari alikwisha kuwaalika waje saa nane.

Mia nne. Bi Hapana aliijua namba hiyo kama umri wa wanawe. Darubini ya setilaiti huyumbishwa makusudi, kila sekunde mia nne, ili mwanga usigande mahali pamoja ukaharibu kipokezi.

"Huu si mdundo wa nyota. Ni darubini yetu inayoyumba."

"Umeanza! Hata posa yangu uliipinga."

"Na sijajuta."

"Wewe mkaguzi tu. Nyota niachie mimi."

Kwenye picha ileile, pembeni, kulikuwa na nyota nyingine ambayo eksirei zake zilijulikana kuwa hazibadiliki. Bi Hapana alichora grafu yake, shemeji amemsimamia mgongoni akihema. Mstari ulipanda, ukashuka, ukapanda. Mia nne.

"Na hii nayo inanyonya nani?" aliuliza.

Mkuu alimsogezea kalamu. Kisha akasema polepole, "Tia sahihi, au Jumatatu uko stoo unapanga nyaya."

Bi Hapana alifunika kalamu, akamrudishia karatasi.

Saa nane waandishi waliambiwa mkuu ana dharura. Jumatatu kompyuta ilikataa nywila ya Bi Hapana, na ufunguo wa stoo ulikuwa juu ya kiti chake. Alikuwa bado anatafuta swichi ya taa huko ndani mdogo wake alipopiga simu.

"Dada, umemvua nguo mume wangu!"

"Tulikuwa wawili chumbani. Nguo angevuliwa saa nane, mbele ya kamera."

"Wivu tu huo," mdogo wake alisema, akakata simu.