Kidonge cha Asubuhi

Baba yangu alimdanganya daktari kwa kidonge kimoja, nami nikamwumbua palepale. Hatujasameheana.

Ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Hospitali moja hapa Toronto ilikuwa ikitafuta wagonjwa wachache wa majaribio: seli shina, yaani seli changa zilizolelewa maabara mpaka zikawa za ubongo, zingepandikizwa kichwani kushika nafasi ya zile zilizokufa. Niliihangaikia nafasi ile kuliko nilivyowahi kuihangaikia riwaya yangu. Siku ya vipimo sharti lilikuwa moja: asinywe dawa asubuhi, ili wauone ugonjwa ukiwa uchi.

Tulitoka nyumbani Scarborough kwa basi. Alivaa suti. Kiganja chake kilipigapiga paja njia nzima, kama mtu anayebisha nyumba isiyo na watu. Tulipofika akaenda msalani, akakaa sana.

Daktari, msichana wa rika langu, alimwomba agonganishe vidole, ainuke kitini, atembee. Baba akatembea kama bwana harusi. Alipoulizwa hali, akajibu kwa Kiingereza chake cha ukarani wa mahakama kwamba hajambo, anamshukuru Mungu. Huwa anaanguka? Hata kidogo. Wiki ileile nilikuwa nimemwokota sakafuni mara mbili.

Nikamwuliza kwa Kiswahili kama amemeza dawa.

"Ulitaka nisimame mbele ya mtoto wa watu natetemeka kama kuku aliyenyeshewa?" alisema, huku akimtabasamia daktari. "Nyamaza, mama."

Nilimchukia. Niliichukia adabu yetu ya kusema sijambo hata sanda ikiwa imeshakatwa. Nikamgeukia daktari, nikamwaga yote kwa Kiingereza: kidonge, kuanguka, hata mashuka ninayobadilisha kila alfajiri.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema vipimo vya leo havifai tena, ila wangeweza kumpangia siku nyingine, kama mwenyewe anataka. Akamtazama yeye, si mimi.

"No, thank you," baba akasema. Kisha, kwa sauti ileile ya upole, akaniambia, "Umenivua nguo mbele ya watu. Hizo seli kaziandike kwenye vitabu vyako. Kichwa hiki changu."

Nikanyoosha mkono nimfunge kifungo cha koti. Akaupiga kofi. Daktari akainamia karatasi zake, akakata jina.