Baba Alipowapa Gari Waosha Maiti

Baba alilinunua lile gari mwaka aliostaafu bandarini, alikokuwa nahodha wa boti za kuvuta meli. Lilikuwa la Kijerumani, jeusi, limeshatumiwa na mwenye hoteli mmoja wa Diani, lakini ungeapa limetoka dukani jana. Viti vyake vya ngozi, rangi ya chai ya maziwa. Mtaani kwetu Bofu hapakuwa na lingine kama hilo, na mama alikuwa akimtania baba kwamba amemletea mke mwenza asiyejua kupika.

Mimi nililitamani, sikufichi. Nasomesha Kisauni, ng'ambo ya pili, na tangu mama alipofariki nilikuwa nikivuka feri kwa miguu kila Jumamosi kwenda kumtazama baba, mkoba begani, jasho mgongoni. Nikijiambia ipo siku nitavuka nimekaa, kiyoyozi kinanipuliza. Mimi ndiye mwanawe wa pekee. Angempa nani mwingine?

Siku yenyewe ilikuja kwa njia nisiyoitaka. Daktari alimwambia baba kwamba presha ya macho imeshamharibia kuona, asiendeshe tena. Tulirudi nyumbani. Baba akakaa barazani, akavua miwani, akaiweka pajani.

"Mwanangu, gari nataka kulitoa wakfu."

"Umpe nani, baba?"

"Wale wanawake waoshao maiti."

Nilidhani sikusikia vizuri. Wako wanawake wanne huku kwetu ambao mtu wa kike akifariki, kuanzia Bofu mpaka Mtongwe, huitwa wao wamwoshe na kumvisha sanda. Hufanya kwa ajili ya Mungu tu. Mkubwa wao ni mjane wa Mtongwe, mnene, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, na asubuhi huuza mbaazi na mahamri.

"Baba, gari lile ni la kubebea maharusi! Watalifanyia nini?" Nilisema hivyo, ila nililolitaka hasa sikulitamka, na nadhani alilisikia.

"Siku ya mama yako mvua ilivyonyesha wakumbuka," akasema pole pole. "Bodaboda hawakutaka kutoka. Yule mama alikuja kwa miguu toka Mtongwe, ndoo kichwani, sanda kaikumbatia ndani ya nailoni. Alifika amelowa chapachapa, lakini sanda kavu. Nami nimesimama mlangoni, gari langu liko uani nimelifunika turubai. Haikunipitikia hata kidogo kwenda kumchukua."

Nilikwenda jikoni kuteleka chai, nikalia. Nilimlilia mama, na kidogo, nisiseme uongo, nililililia gari.

Jumamosi iliyofuata yule mama aliitwa. Akapiga hodi, akamwamkia baba shikamoo, akakaribishwa mkekani. Aliposikia habari yenyewe alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mzee wangu, niende kuosha maiti na gari la mawaziri? Watu watasema marehemu alikuwa tajiri, kawaficha!"

Kisha akaona baba hacheki. Akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Wallahi wasema kweli?"

"Leseni si unayo?"

"Ninayo, ya tangu marehemu mume wangu alipokuwa na pikapu. Lakini usukani sijaushika miaka."

"Basi utaushika. Nitakaa nawe."

Ndivyo mzee asiyeona alivyogeuka mwalimu wa kuendesha gari. Walikwenda kwenye uwanja mmoja Mtongwe, nami nikakaa nyuma nikisoma dua zote nilizofundishwa utotoni. Baba alikuwa akiinamisha kichwa, akisikiliza injini kama alivyokuwa akizisikiliza za boti zake.

"Breki umeikanyaga mapema."

"Umejuaje, nawe huoni?"

"Tumbo limeniambia. Haya, mbona tumesimama?"

"Pana mbuzi."

"Mngoje apite."

"Amelala, mzee wangu."

Baba akafikiri kidogo. "Basi mpigie honi, lakini kwa adabu."

Siku waliyokuja kulichukua, wale wanawake walikuwa wametandika leso juu ya viti vyote wasivichafue. Baba, ambaye mimi alinikataza hata kunywa maji mle ndani, alizipapasa zile leso akaziondoa moja moja. "Viti ni vya kukaliwa," akasema. Walipoondoka akabaki uani, uso ameuelekeza barabarani, mpaka mlio ukapotea. Nilimshika mkono. Aliuacha mkononi mwangu, jambo ambalo si kawaida yake.

Baada ya wiki chache nilihudhuria maziko ya bibi mmoja, jirani yetu wa zamani. Nikaliona gari limeegeshwa nje ya nyumba ya makuti, buti wazi, na wale wanne wanateremsha ndoo na ubao wa kuoshea, wakavu, hawajachoka, mabuibui yao hayana tope. Wanaume wakawapisha njia. Ndani ya gari mlinukia kafuri na udi. Wivu wangu ulipungua siku ile, karibu wote.

Yule mama sasa ndiye anayempeleka baba kliniki ya macho kila mwezi, ikiwa hakuna msiba. Mwezi uliopita nilifuatana nao. Tulikuwa tukitambaa barabarani, hata mkokoteni ukatupita, na baba akashindwa kuvumilia.

"Hebu kanyaga mafuta, mama! Sisi Waislamu maiti wetu huharakishwa."

"Maiti, ndiyo," akajibu, macho mbele, mikono miwili usukanini. "Wewe bado mzima, mzee wangu. Tulia."

Baba akacheka mpaka miwani ikamtoka puani, nikaiokota miguuni pake.