Asubuhi ya Kufungua Mwamba

Mgeni wetu hapa Moa ni mwanafunzi kutoka Botswana, nchi isiyo na bahari. Amekuja kusomea samaki, na amepanga chumba kwa Bi Semeni. Hutembea kama anayekimbizwa. Chai huinywa amesimama, shikamoo huitoa akiwa ameshampita mtu, na kila Ijumaa begi liko mgongoni: Lushoto, Pangani, Mombasa. "Mwanangu, nani anakufukuza?" humtania Bi Semeni, naye hucheka huku vidole vyake vyembamba vikipapasa simu.

Leo mwamba uliofungwa miezi mitatu ili pweza wakue umefunguliwa, na wanawake tumeshuka kwa vicheko, kila mmoja na kijiti chake cha kuchokolea pweza. Wanafunzi wenzake mgeni wetu walikuwa wakimsubiri Tanga mjini kwa safari ya Ngorongoro, aliyoiota tangu afike. Alikuja kutuaga tu, akiyakanyaga maji kwa kishindo, na pweza wakazama mashimoni.

"Simama, wee, unatukimbizia kitoweo," akasema Bi Semeni.

Akasimama, tena kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona ametulia. Kutoka shimo lililokuwa mbele yake mkono mwekundu ukachomoza taratibu, ukamgusa kidole cha mguu. Simu ikalia. Akajibu kwa sauti ya mtu anayelaza mtoto: "Nendeni. Mimi nabaki."

Kisha akanipa begi, akanyoosha kiganja kuomba kijiti changu. Mwili mzima ulimtetemeka kwa furaha, lakini miguu haikusogea hata kidogo.