Maua ya Mfereji wa Katwe

Kahambu alikuwa fundi wa maua, na msidhani nasema yale ya kupamba meza. Ya kula. Huko kwao Butembo, nyanya yake alimfundisha lipi ni la sufuria na lipi ni la kaburi. Alipokimbia vita na binti mgongoni, ujuzi huo ndio kitu pekee ambacho askari wa vizuizini hawakuweza kumpora.

Kampala ilimpa chumba kimoja Katwe, bondeni, nyuma ya karakana za mafundi vyuma, na vibarua vya kufulia watu nguo, leo vipo kesho hakuna. Walikula posho, ule ugali wa mahindi, tupu bila mboga hadi koo likachoka. Asubuhi moja akashuka hadi kwenye mfereji unaopita chini ya karakana, na loo! Maboga yaliyojiotea yametambaa ukingo mzima, maua ya manjano yamefunguka, na kando yake mgagani umetoa vimaua vyake vyeupe. Mwanamke mzima akasimama pale akalia kwa furaha.

Hata hivyo hakukurupuka. Nyanya yake alikuwa na sharti: ukihamia ardhi ngeni, mama wa nyumba anakula kwanza peke yake, anangoja siku tatu, ndipo watoto wapewe. Akala. Akangoja, akijichunguza ulimi, tumbo, mpaka mkojo. Hakuna kitu. Siku ya nne akampikia Exaucée, binti yake, aliyekuwa na miaka minne wakati huo. Alichuma maua dume tu ya boga, maana jike lina kiboga kidogo chini yake na huachwa lizae. Akatoa vikonyo vyenye vinyweleo, akakung'uta sisimizi, akachemsha mgagani na kumwaga maji ya kwanza machungu, kisha akachanganya vyote na karanga za kusaga. Mtoto alilamba sahani.

Majirani walimcheka. Phelister, Mkenya wa chumba cha pili anayeshona sare za shule, ndiye aliyecheka kuliko wote: "Wee Mkongo, mwisho utatulisha hata nyasi za mbuzi!" Na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta bakuli. Kahambu akamfundisha, akawafundisha na wengine: hili chuma, lile jeupe refu linaloning'inia kichwa chini usiliguse, litakutia wazimu. Wakamwita Mama Maua. Kwa miaka miwili alikuwa mtu mbele za watu. Mkimbizi anayefuatwa kuulizwa jambo, jamani, mnajua utamu wake?

Halafu Exaucée akaanza kuumwa tumbo. Akakonda. Mwalimu wake akamwita Kahambu, akamwambia mtoto anasahau hata alichokijua mwaka jana, na kuwa akitumwa chaki anarudi mikono mitupu. Basi Kahambu akamwongezea maua. Ndiyo, akamwongezea! Mtoto dhaifu hupewa mboga, nani angefanya vingine? Asubuhi maua, jioni maua.

Alipompeleka zahanati, mtoto alitolewa damu, wakaambiwa warudi baada ya wiki. Waliporudi, muuguzi aliusoma mstari wa majibu ya damu mara mbili.

"Nyabo, mama, mtoto ana sumu ya betri za gari kwenye damu. Mnakaa karibu na wanaovunja betri?"

"Wako juu ya mfereji."

"Na kuna kitu mnakula kinachoota hapo?"

Kahambu akamweleza. Muuguzi akaweka kalamu chini.

"Maua yenyewe hayana kosa, mama. Ni udongo."

"Lakini nilionja! Nilikula mimi kwanza, siku tatu nzima."

"Hii haiui kwa siku tatu. Inajikusanya miaka. Tena mtu mzima inamchelewa. Mtoto inamshika kichwa."

"Na kichwa chake kitarudi?"

Yule dada hakumdanganya. "Tutajaribu kuipunguza kwenye damu. Kilichokwisha kuharibika, sijui."

Kesho yake asubuhi Kahambu alishuka mferejini na jembe. Akakuta wanawake sita wanachuma, wanne hata hakuwajua. Akaanza kukata mashina huku akipiga kelele, "Msile! Kuna sumu!" Mmoja akamshika mkono. "Nyabo, acha choyo. Mungu ameotesha, wewe ulipanda?"

"Mimi ndiye niliyewafundisha!"

"Basi tumejua. Sasa tuache tule."

Phelister alikuwepo, mtoto mgongoni, bakuli limejaa nusu. Alimsikiliza Kahambu mpaka mwisho, uso umemshuka, maana alimwamini. Kisha akasema polepole, "Mama Exaucée, mwenzangu, tusipokula hii tule nini?"

Wale wengine waliinama tena. Phelister alibaki amelishika lile bakuli, hamwagi, haondoki. Kahambu akatia jembe begani, akapanda ukingo kurudi nyumbani.

Mchana akasonga posho, akaweka na chumvi. Exaucée akakitazama chakula.

"Mama, leo hakuna maua?"

"Hakuna, mwanangu. Hatuli tena. Yanakuumiza."

Mtoto akalia kidogo, akanyamaza, akamega tonge. Akatazama sahani.

"Mama, leo hakuna maua?"

Kahambu akamweleza upya, kwa maneno yale yale. Kabla posho haijaisha, Exaucée alikuwa ameuliza mara nne, na kila mara aliuliza kama mtu ambaye hajawahi kujibiwa.