Jani Kutoka Kaburini kwa Mama

Mwaka ule nilikuwa nikinyamaza kwenye Sala ya Bwana. Si sala yote. Nilianza vizuri na wenzangu, nikaomba mkate wa kila siku, lakini tukifika pale pa kusamehewa kama tunavyosamehe nafunga mdomo, nangoja wavuke, halafu naungana nao mbele. Hakuna aliyegundua. Mchungaji husali amefumba macho, na mama mmoja wa usharika anayesimama kulia kwangu ana sauti ya kutosha watu wawili. Niliona afadhali kunyamaza kuliko kumwambia Mungu uongo asubuhi yote ile.

Niliyeshindwa kumsamehe ni wifi yangu, mke wa kaka, anayeishi Marui huko Kisarawe, kwenye shamba aliloacha baba. Sisi asili yetu ni Moshi. Baba alikuja Pwani kutafuta maisha, akalipenda lile shamba mpaka akataka azikwe hapohapo, jambo ambalo ndugu zetu wa Moshi hawajalimeza hadi leo. Wifi ni mwenyeji wa Kisarawe, alibatizwa ukubwani alipokuwa anaolewa.

Mama aliishi kwangu Kibaha, na akili zake zilikuwa zimeanza kumtoka kidogo kidogo. Alikuwa akitoka nyumbani na kanga moja kuelekea barabara kuu ya Morogoro, anasema anawahi Moshi kumpikia mama yake. Siku moja dereva wa lori alimrudisha mpaka getini huku analia, yule dereva, maana alibakiza kidogo tu amgonge. Tangu hapo, nikienda kazini kiwandani Zegereni, nilifunga geti kwa kufuli. Nilimwachia uji kwenye chupa ya chai na chakula kwenye hotipoti, na jirani alikuwa na ufunguo wa pili, anaingia kumlisha na kukaa naye. Mshahara wangu haukutosha kuweka mtu wa kushinda naye, na kuacha kazi kungetufanya tushinde wote bila kula.

Wifi alikuja mchana mmoja bila taarifa. Alimkuta mama ameshika nondo za geti, anaita watu wa njiani. Hakumuuliza jirani. Alirudi Marui, na kwenye jumuiya, ile sala ya nyumba kwa nyumba, mbele ya ndugu na majirani, akasema ninamfungia mama kama mbuzi na kumshindisha na njaa. Kufuli aliliona kweli. Njaa aliiongeza yeye.

Kaka alikuja na gari, akamchukua mama. Niliambiwa nipumzike. Nilikuwa nikienda kumwona kila nilipopata ruhusa kazini, na kila nikifika watu walikuwa wananiangalia mikono kuona nimebeba nini. Mama alifariki kabla ya masika, akazikwa hukohuko Marui. Habari zilinikuta nikiwa kwenye mashine, nafunga maboksi. Msibani nilishika upawa nipakulie wageni, na shangazi yetu, dada wa baba, akaninyang'anya taratibu mbele ya masufuria, akasema nikae tu, nisijisumbue. Nililia sana siku ile, na wote walidhani namlilia mama peke yake.

Sasa, mtu aliyekosewa ana shida moja ambayo hawaihubiri. Aliyekosa haonekani, yuko kwake anapika. Mwenye uso uliokunjamana ni wewe, kwa hiyo mafundisho yote yanakuja kwako. Mchungaji wangu, kijana mpole, alikuja nyumbani kunieleza kwamba nisingoje kuombwa radhi, nisamehe tu, ni kwa faida yangu. Nilimsikiliza. Nilikuwa nimetoka kazini, miguu imevimba, na nilikuwa nimeshachoka na faida yangu. Nikamuuliza, "Na yeye, anafundishwa na nani?"

Akasema, "Yule mama yuko chini ya usharika wa kule Kisarawe. Ana mchungaji wake."

Nikamkaribisha chai.

Kumbe yule mchungaji wa Kisarawe naye alikuwa anafundisha, na wifi, kama watu wengi waliobatizwa ukubwani, akisikia neno hufanya vilevile lilivyosemwa. Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Mahubiri yalihusu mtu anayeleta sadaka madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, na kwamba aiache palepale aende kwanza wakapatane. Wifi akaacha mananasi yake mbele ya madhabahu, akatoka ibada ikiendelea, akafika Kibaha jua limeshaanza kupungua makali. Nilisikia hodi, nikamkuta getini ana vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Pole na safari," nikasema, kwa sababu nimelelewa.

"Nishapoa, wifi." Alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Nimeyaacha mananasi kanisani. Saa hizi watakuwa washayapiga mnada."

Akafungua mfuko wa plastiki, akatoa jani la sale, limekatwa na kipande cha shina lake. Kwa Wachagga hilo jani refu jembamba si la mapambo. Ukimkosea mtu ukamletea sale, hana ruhusa ya kulikataa, hata kama umemchomea nyumba. Mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha wifi desturi hiyo, zamani. Lakini hakumfundisha yote.

"Umelichuma wapi?" nikamuuliza.

"Kaburini kwa mama. Yale ya mpakani yote yamekauka kwa jua."

Sale la kaburini halichumwi. Linapandwa pale ili alale salama, na mtoto yeyote wa Moshi anajua hivyo. Wifi yangu alikuwa amemwibia marehemu ili aniombe msamaha kwa maneno yaliyomhusu marehemu huyohuyo. Nilitaka kukasirika, nikatafuta nguvu za kukasirika nikakosa. Nilicheka, kicheko kibaya, na yeye akaanza kulia.

"Nilikosea, wifi. Nisamehe."

"Ulisema wapi yale maneno?"

"Kwenye jumuiya."

"Basi kayarudishe hukohuko. Huku kwangu hakuna aliyeyasikia, ni mimi na jirani, na sisi tunajua ukweli."

Akasema hawezi, watoto wake watachekwa, mume wake atamwonaje. Nikamwambia hilo jani silikatai, kwetu halikataliwi, ila siwezi kusema nimelipokea. Nililiweka kwenye chupa ya maji dirishani. Aliondoka bila kunywa hata maji, na mimi nikabaki na hasira ya ziada, maana sasa nilikuwa nimemfukuza mtu aliyekuja kupatana. Jumapili iliyofuata nilinyamaza tena palepale kwenye sala.

Ibada ya kumbukumbu ya mama ilifanyika Marui, chini ya turubai. Nilikwenda na jani langu kwenye mfuko, limeshaanza kutoa mizizi. Nia yangu ilikuwa kulirudisha kaburini, nisikilize neno la Mungu, niondoke. Kabla ya sala ya mwisho wifi akasimama bila kuitwa. Alikuwa ameshika nguzo ya turubai.

"Nina neno," akasema. "Mie nilisema hapahapa kuwa wifi yangu anamshindisha mama na njaa. Sikuona njaa. Niliona kufuli, mengine nilitia mwenyewe. Mama alipoletwa huku, wiki haikwisha akatoroka, tukamkuta anaelekea bondeni. Nikafunga mlango. Mpaka anakufa nilikuwa nafunga mlango, na hakuna kati yenu aliyeniita mbaya. Nilijua toka siku ile kuwa nimemuonea mwenzangu. Nilikaa kimya kwa aibu."

Akakaa. Kaka alikuwa anatazama viatu vyake. Nadhani na yeye alijua habari za mlango, na hilo nimeliacha, sina nguvu za kusamehe watu wawili.

Tukasali. Tulipofika pale pangu pa kusamehe niliyatamka yale maneno, sauti ikatoka imekwaruza kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Sitadanganya kwamba nilijisikia mwepesi. Nilijisikia kama mtu aliyebeba gunia, akatuliwa wakati ameshafika. Miezi ya mwisho ya mama haikurudi, na hakuna neno lolote chini ya turubai lingeweza kuirudisha. Baada ya ibada shangazi alikuja nilipokaa, akaniwekea upawa mkononi, akaondoka bila kusema kitu. Nilipakua mpaka masufuria yakaisha.

Jioni watu walipoondoka nilikwenda kaburini kupanda lile sale. Wifi akaja na jembe bila kuulizwa, akachimba, mimi nikashika jani lisimame. Ndipo nikamuuliza jambo lililokuwa limenikaa kifuani kuliko ile njaa ya uongo.

"Alikuwa ananiita?"

"Kila siku," akasema. "Akiwa nyuma ya mlango. Anataja jina lako."

"Ukawa unamwambia nini?"

Alishindilia udongo kwa kiganja kwanza.

"Nilikuwa naitika, wifi. Namwambia, 'Abee mama, nipo.' Akinyamaza ndiyo naenda shamba."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Baadaye nikamwambia alete maji, sale likipandwa jioni lazima linyweshwe.